Busquets hakupungua kasi, uwanja ndio uliorefuka

Desemba 6, 2025, Inter Miami iliichapa Vancouver Whitecaps 3-1 katika fainali ya Kombe la MLS, na mechi hiyo ikawa ya mwisho kwa Sergio Busquets, kiungo wa chini aliyetamba na Barcelona na Hispania. Kocha aliyekuwa kwenye benchi siku ile ni Javier Mascherano, jambo ambalo lina uzito wake katika hadithi hii, na nitalifikia huko mbele. Tangu Mhispania huyu atundike daluga akiwa na miaka 37, yamesemwa mengi juu yake, na yamegawanyika pande mbili. Wapo wanaosema soka imempoteza mtu wa mwisho wa aina yake, fundi ambaye hatatokea tena. Wapo wanaosema alikuwa mchezaji wa kawaida, mzito wa miguu, aliyebahatika kucheza na Xavi na Andrés Iniesta, na kwamba hao walipoondoka ndipo udhaifu wake ulipoanikwa. Wote wanakosea, tena mahali pamoja: wanamtazama Busquets peke yake. Hoja yangu ni kwamba Busquets hakuwahi kuwa na kasi, mwaka 2009 wala mwaka 2019. Kilichobadilika kati ya miaka hiyo ni mita zilizomtenga na washambuliaji waliokuwa mbele yake, na mita zilizomtenga na mabeki waliokuwa nyuma yake. Ukizifuatilia mita hizo utaielewa kazi yake yote, pamoja na siku zake mbaya.

Alizaliwa Sabadell mwaka 1988 na kukulia Badia del Vallès, mji mdogo wa wafanyakazi nje ya Barcelona. Baba yake, Carles, alikuwa kipa wa Barcelona enzi za Johan Cruyff. Hata hivyo, Sergio hakulelewa La Masia, akademia ya vijana ya Barcelona, tangu utotoni kama wengi wanavyodhani. Alijiunga na timu za vijana za klabu hiyo mwaka 2005, akiwa tayari na miaka 17. Msimu wa 2007-08 Pep Guardiola alipewa timu B, iliyokuwa imeporomoka hadi daraja la nne, akamtumia kijana huyo dimba la chini, na timu ikapanda. Guardiola alipokabidhiwa timu ya wakubwa, akapanda naye. Mechi ya kwanza ya La Liga kwa Busquets ilikuwa Septemba 13, 2008, sare ya 1-1 na Racing Santander, wiki chache baada ya Barcelona kuchapwa 1-0 na Numancia. Pointi moja katika mechi mbili, kocha mgeni, na anamwamini mtoto aliyetoka daraja la nne. Kuanzia hapo hadi 2023 alicheza mechi 722 za mashindano akiwa na Barcelona, akafunga mabao 18 tu, akabeba La Liga tisa na Ligi ya Mabingwa tatu. Kwa Hispania alicheza mechi 143, akiwa na Kombe la Dunia la 2010 na Euro ya 2012.

Takwimu hizo hazimwelezi. Tuanze na mguso wake wa kwanza, maana humo ndimo mengi yamo. Kiungo wa kawaida wa chini hupokea pasi ya beki akiwa amelipa mgongo lango la wapinzani, mpira unamfikia mguu ulio karibu na aliyeupiga, na njia pekee anayobaki nayo ni kuurudisha ulikotoka. Busquets, pasi ikiwa bado njiani, alikuwa ameshageuza shingo kushoto na kulia. Kisha alisimama ubavu, nyonga zikiwa wazi, akauacha mpira upite mbele ya mwili wake hadi mguu wa mbali. Kwa mguso huo mmoja alikuwa ameshauelekea uwanja. Mkabaji akimjia kwa kasi kutoka kulia, aliuvuta mpira kwa wayo kwenda kushoto na mkabaji akapitiliza. Mkabaji asipokuja, alisubiri. Kusubiri huku ndiko kulikowakera mashabiki wengi, wakadhani anachelewa. Alikuwa akiukanyaga mpira makusudi, kwa muda mfupi sana, ili kiungo wa wapinzani ashawishike kuitoka nafasi yake. Akitoka tu, nyuma yake imefunguka njia ya pasi kwenda kwa Xavi au Lionel Messi. Vijana wengi wanaiga ule mkanyago bila kuiga shingo. Wanapokea mpira hawajatazama, wanasimama nao, wananyang'anywa mbele ya mabeki wa kati waliokwisha kutanuka, na kutoka hapo hadi nyavuni ni pasi moja.

Pasi zake nazo zilikuwa na maagizo ndani yake. Mpira wenye nguvu kwenye mguu wa mbali wa mwenzake ulimaanisha geuka, huna mtu mgongoni. Mpira laini kwenye mguu wa karibu ulimaanisha nirudishie, unafuatwa. Wakati mwingine hakukuwa na pasi kabisa. Aprili 27, 2011, nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa pale Santiago Bernabéu, dakika zikiyoyoma, Messi alimpa mpira Busquets nje kidogo ya duara la kati na kumfuata. Busquets aliutuliza tu, akauacha palepale, akajiweka kando. Messi aliuokota akiwa tayari kwenye mwendo, akawapita mabeki wa Real Madrid na kufunga bao la pili. Kwenye karatasi ile ni pasi ya bao, ingawa mpira haukusogea hata hatua tatu. Nampenda Busquets wa bao lile kuliko yule wa makala za maombolezo, kwa sababu pale alijua kwamba jambo bora la kufanya na mpira ni kumpisha mwenye kasi.

Timu pinzani ilipokuja kukaba na washambuliaji wawili, alishuka katikati ya mabeki wa kati, Gerard Piqué na Carles Puyol, mabeki wa pembeni wakapanda, na nyuma wakawa watatu dhidi ya wawili. Ikija na mshambuliaji mmoja, hakushuka, kwa kuwa watatu dhidi ya mmoja ni kupoteza mtu. Wapo viungo wanaoshuka kila mara kwa mazoea, na timu zao zinaishia kuwa na watu wanne nyuma ya mpira ambao hawamsumbui yeyote. Bila mpira kazi yake ilikuwa ngumu zaidi kuiona. Barcelona ikishambulia, yeye alibaki mita 10 hadi 15 nyuma ya mpira, kwa mshazari, akisimama kwenye mstari ambao wapinzani wangeutumia kutoa pasi ya kwanza ya shambulizi la kushtukiza. Mpira ukipotea, Messi, Pedro na wenzao walimbana mwenye mpira kwa sekunde tano au sita za kwanza. Aliyebanwa anapiga pasi ya haraka bila kuinua kichwa, na pasi hiyo inamkuta Busquets alipokwisha kusimama. Ndiyo maana alionekana hakabi. Alikuwa anapokea pasi za wapinzani.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo hoja yote inaposimama. Tuseme winga anakimbia mita 8 kwa sekunde na kiungo anakimbia mita 7. Mpira ukiwa mita 10 kutoka kwa kila mmoja wao, winga atafika mapema kwa sekunde 0.18 hivi. Kiungo aliyesoma mchezo na kuondoka robo sekunde kabla atamtangulia. Umbali ukiwa mita 30, winga atafika mapema kwa zaidi ya nusu sekunde, na ile robo sekunde ya akili haitoshi tena. Mchezaji ni yuleyule, akili ni ileile, miguu ni ileile. Kilichoamua ni kama timu imekusanyika ndani ya mita 30 kutoka beki wa mwisho hadi mshambuliaji wa kwanza, au imetawanyika ndani ya mita 50.

Wanaosema alibebwa wana hoja iliyo dhaifu kuliko zote, na ushahidi wa kuibomoa umekaa wazi kwa miaka mingi. Alipofika, nafasi ile ilikuwa ya Yaya Touré, mmoja wa viungo wenye nguvu zaidi waliowahi kutoka Afrika. Katika fainali ya Ligi ya Mabingwa ya 2009 pale Rome dhidi ya Manchester United, Touré alicheza beki wa kati na Busquets, mwenye miaka 20, akacheza dimba la chini. Barcelona ikashinda 2-0. Mwaka uliofuata Touré alihamia Manchester City. Barcelona ikamleta Mascherano, nahodha wa Argentina, kiungo mkabaji wa kiwango cha dunia. Naye akahamishiwa beki wa kati, akaishi huko miaka yote iliyobaki. Mwaka 2012 akaja Alex Song kutoka Arsenal, na baada ya miaka miwili akatolewa kwa mkopo. Makocha walibadilika, wenye mitazamo tofauti, na kila mmoja alipomleta mtu wa nafasi ile alikuta anayeondoka ni mgeni. Mascherano, aliyempisha, ndiye aliyemsimamia katika mechi yake ya mwisho pale Florida. Ukiongeza kwamba Xavi aliondoka 2015 na Iniesta 2018, na bado Busquets akabeba La Liga za 2016, 2018, 2019 na 2023, sioni kilichobaki kwenye dai la kubebwa.

Dai hilo halikuanza juzi pia. Juni 16, 2010, kwenye Kombe la Dunia, Hispania ilifungwa 1-0 na Uswisi pale Durban kwa bao la Gelson Fernandes, na vyombo vya habari vya Hispania vikauliza kwa nini kocha Vicente del Bosque anapanga viungo wawili wa chini, Busquets na Xabi Alonso, na wengi walitaka Busquets ndiye atolewe. Del Bosque alijibu kwamba kama angekuwa mchezaji, angependa kufanana na Busquets. Hakubadilisha kitu. Hispania ikamaliza mashindano yale ikiwa imefungwa mabao 2 katika mechi 7, na katika hatua ya mtoano haikufungwa hata moja: ilishinda 1-0 dhidi ya Ureno, Paraguay, Ujerumani na Uholanzi. Miaka miwili baadaye, kwenye Euro, ilifungwa bao 1 katika mechi 6. Watu wanaikumbuka Hispania ile kwa pasi. Kwa mtu anayetaka kujua namna vikombe vilivyopatikana, mabao matatu ya kufungwa katika mechi kumi na tatu yana maelezo mengi kuliko pasi zote.

Hoja nzito ni nyingine, na lazima ipewe haki yake. Katika Ligi ya Mabingwa, Roma iliifunga Barcelona 3-0 mwaka 2018 baada ya kupoteza 4-1 mechi ya kwanza. Liverpool ikaifunga 4-0 mwaka 2019 baada ya kupoteza 3-0. Agosti 14, 2020, pale Lisbon, Bayern München ikaifunga 8-2. Busquets alianza mechi hizo zote, na ukizirudia utamwona anapitwa, anageuka nyuma ya watu, anakimbilia mpira ambao umeshaondoka. Hakuna haja ya kulificha hilo. Alipokuwa peke yake katikati ya eneo pana, alikuwa mchezaji wa kushambuliwa, na makocha wakubwa wa Ulaya walilijua jambo hilo na kulitumia. Hata Kombe la Dunia la 2014, Uholanzi iliposhinda 5-1 na Chile 2-0, lilikuwa limeshatoa onyo.

Lakini tazama kilichokuwa mbele yake na nyuma yake katika miaka hiyo. Mbele walikuwa Messi na Luis Suárez, wote wamepita miaka 30, na timu ilikuwa imekubali kimyakimya kwamba hawatakimbia kukaba. Lilikuwa ni chaguo lenye faida, kwa sababu walifunga mabao mengi mno na La Liga ilibebwa. Gharama yake ililipwa na kiungo. Zile sekunde tano za kumbana mwenye mpira zilikuwa zimekufa, kwa hiyo pasi ya kwanza ya wapinzani haikupigwa tena kwa papara. Ilipigwa na mtu aliyeinua kichwa. Nyuma, Piqué naye alikuwa anazeeka na mabeki wakarudi karibu na kipa wao wasije wakapitwa mgongoni. Mstari wa mbele ukabaki juu, wa nyuma ukashuka, na katikati akaachwa mtu wa mita 7 kwa sekunde akilinda eneo ambalo mwaka 2011 lililindwa na watu wanne. Mtu yeyote angepitwa pale, hata mwenye kasi, isipokuwa huyo angepitwa akiwa karibu zaidi na mpira na mashabiki wangemsifu kwa juhudi.

Kama tatizo lilikuwa miguu, basi miaka inavyoenda lingezidi tu. Halikuzidi. Kwenye Euro iliyochezwa 2021, Busquets alikosa mechi mbili za kwanza kwa sababu ya Uviko, na Hispania ikatoka 0-0 na Sweden, kisha 1-1 na Poland. Akarudi mechi ya tatu, Slovakia ikafungwa 5-0. Siwezi kudai mabao matano yote ni yake, mawili walijifunga wenyewe, ila mpira ulianza kutoka nyuma kwenda mbele bila kuzunguka pembeni, na Hispania ikafika nusu fainali. Oktoba mwaka huohuo, kwenye fainali za Ligi ya Mataifa, Hispania iliifunga Italia 2-1 pale Milan na kukata mfululizo wa mechi 37 ambazo Italia haikuwa imefungwa. Hispania ilipoteza fainali kwa Ufaransa, lakini mchezaji bora wa mashindano alitajwa Busquets, akiwa na miaka 33. Kocha wa Hispania, Luis Enrique, alikuwa amemzungushia washambuliaji vijana wanaokimbia.

Kisha ukaja msimu wa 2022-23, ambao kwangu unafunga mjadala wa kasi. Xavi, sasa akiwa kocha, aliwapanga Frenkie de Jong kando ya Busquets, Pedri na Gavi mbele yao, viungo wanne wakifanya mraba katikati ya uwanja. Gavi alipangwa kama winga wa kushoto lakini aliingia ndani na kukaba kama mwendawazimu. Nyuma, Ronald Araújo, Jules Koundé na Andreas Christensen walikuwa na kasi ya kutosha kusimama karibu na nusu uwanja bila hofu. Mita zikapungua. Barcelona ikamaliza La Liga na pointi 88 ikiwa imefungwa mabao 20 katika mechi 38, na mechi 26 lango lake halikuguswa. Dimba la chini alikuwepo mzee wa miaka 34 aliyekuwa ameshaandikwa kwamba amekwisha. Barani Ulaya msimu huohuo ilitolewa kwenye makundi na Bayern na Inter Milan, ambazo ziliweza kuuvunja ule mraba na kuutanua uwanja upya. Hilo nalo linaunga mkono hoja ileile.

Yapo mambo mawili ambayo hesabu ya mita haiyasafishi. La kwanza ni nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa ya Aprili 28, 2010 dhidi ya Inter Milan, alipoanguka akiwa ameshika uso baada ya mkono wa Thiago Motta kumgusa, na kamera ikamnasa akichungulia katikati ya vidole wakati Motta anatolewa kwa kadi nyekundu. Ule ulikuwa udanganyifu, na ubora wake haupaswi kutumiwa kuuficha. La pili ni Desemba 6, 2022, pale Al Rayyan. Hispania ilipiga pasi zaidi ya elfu moja dhidi ya Morocco, ikatoka 0-0, na kwenye penalti Pablo Sarabia, Carlos Soler na Busquets wote wakakosa. Hiyo ndiyo iliyokuwa mechi yake ya mwisho ya timu ya taifa. Morocco ilikataa kushawishika. Sofyan Amrabat na wenzake walikaa kwenye nafasi zao, Busquets akaukanyaga mpira asubiri mtu atoke, na hakutoka mtu. Kiungo wa chini anaweza kumpa mwenzake mpira akiwa huru. Hawezi kumfundisha la kufanya nao mbele ya ukuta wa mabeki.

Turudi kwa wale wanaosema aina yake imekufa naye. Rodri alitwaa Ballon d'Or ya 2024 akicheza nafasi hiyohiyo, tuzo ambayo Busquets hakuwahi hata kuingia tatu bora. Katika fainali ya Euro ya mwaka huo Rodri aliumia, Martín Zubimendi akaingia kipindi cha pili, na Hispania ikaifunga England 2-1 bila mfumo kuyumba. Nchi inayomtoa Rodri nje na kumwingiza Zubimendi katikati ya fainali haijapoteza kazi hiyo. Inaifundisha kila siku viwanjani, kwa shingo, nyonga na mguu wa mbali. Kumwita Busquets muujiza ni kuwanyima haki makocha wa vijana wanaoifundisha, na kuwapa kisingizio wale wanaomchagua kiungo wa chini kwa kutazama kifua na mbio zake za mita 100.

Barcelona yenyewe imelipia somo hili. Mwaka 2023 ilimleta Oriol Romeu kutoka Girona azibe pengo, na msimu uliofuata akarudishwa Girona kwa mkopo. Mabao ya kufungwa La Liga yakatoka 20 hadi 44. Sababu zilikuwa nyingi: Gavi aliumia goti, Marc-André ter Stegen alifanyiwa upasuaji wa mgongo. Lakini yapo pia yale ya mita: mraba ulivunjika, na Romeu akaachiwa peke yake eneo ambalo Busquets alikuwa akisaidiwa na watatu. Hansi Flick alipokuja 2024 hakutafuta Busquets mwingine. Aliwapanga wawili chini, akaupandisha mstari wa mabeki karibu na nusu uwanja, akawabana washambuliaji wake wakabe kuanzia juu, na akabeba La Liga kwa msimu wake wa kwanza.

Ndani ya kikosi hicho yumo Marc Bernal, kijana mrefu wa mguu wa kushoto ambaye Flick alimwanzisha akiwa na miaka 17 kabla hajaumia goti pale Vallecas, uwanja wa Rayo Vallecano, Agosti 2024. Tayari analinganishwa na Busquets kwa urefu na kwa mwendo wake wa polepole. Anayetaka kumpima kwa haki arudie mechi zake na kusimamisha picha kila Barcelona inapopoteza mpira, kisha ahesabu mambo matatu: mshambuliaji wa karibu alichukua sekunde ngapi kumfikia mwenye mpira, beki wa kati alikuwa mita ngapi nyuma ya Bernal, na Bernal aligeuza shingo mara ngapi kabla ya pasi iliyotangulia. Mawili ya kwanza ni ya kocha. La tatu pekee ndilo lake.